Boksi la slaidi za ovari: limenifaa sana, ila kuna vitu vimekosekana

Nianze na jibu kabisa halafu maelezo yafuate: boksi ni zuri, nunueni, ila msinunue mkidhani mmemaliza ovari. Mimi nafundisha patholojia kwa vitendo, wanafunzi wangu ni wa MD na wale wa maabara, na hili boksi la slaidi 50 za ovari tulilichukua kwenye duka moja la vifaa vya maabara hapa Dar kwa laki nne na ushee. Halina jina kubwa, juu limeandikwa tu patholojia ya ovari, ndani kuna slaidi za kioo za kawaida zilizopakwa rangi ya H&E (hematoksilini na eosini) na kijitabu chembamba cha maelezo. Tumelitumia darasani, tumelitumia na marezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa) wanaojiandaa na mitihani, na mimi mwenyewe nimekaa nalo nikalipitia slaidi moja moja, kwa hiyo ninachosema hapa nimekiona kwenye lensi.

Kwa nini mtu anunue boksi zima la kiungo kimoja? Ovari ya mwanamke mzima ina urefu wa kama sentimita 3 tu hivi lakini ndani yake kuna seli za koo tatu tofauti kabisa, kuna ile ngozi nyembamba ya juu, kuna mayai yenyewe, na kuna zile seli zinazolizunguka yai na kutengeneza homoni. Kila ukoo una uvimbe wake, usio wa kansa na wa kansa, na katikati kuna ule wa bodalaini ambao hauko huku wala kule. Halafu juu ya hapo ovari inapokea wageni, kansa za tumbo, za utumbo mpana, za titi, za kidole tumbo, zote zinapenda kuhamia pale. Ndio maana mimi boksi la ovari silipimi kwa wingi wa majina. Nalipima kwa kitu kimoja: je, limeweka vile vitu vinavyofanana? Maana kazini hakuna mtu anayekosea teratoma, ule uvimbe wa mayai wenye nywele na jino, watu wanakosea pale vitu viwili vinapofanana machoni na matibabu yake ni tofauti kabisa, mmoja anatakiwa dawa kali za kansa na mwingine alitakiwa apasuliwe tu aende nyumbani akapumzike.

Tuanze na vioo vyenyewe. Ukataji ni mzuri, tishu ni nyembamba, kwenye lensi ya 40 seli hazijapandana, na kwa mtu aliyezoea slaidi zile nene za kufundishia ambazo ukisogeza lensi kubwa unaona zambarau tupu hii ni nafuu kubwa. Rangi ya eosini kwenye slaidi chache imeanza kupauka, nadhani ni za mwanzo kukatwa, lakini hematoksilini imeshika na viini vya seli vinasomeka. Kioo cha juu kimebandikwa vizuri, hakuna mapovu ya hewa isipokuwa slaidi mbili. Lebo zina namba ya slaidi, umri na upande wa ovari, basi, hakuna jina la mtu wala hospitali, na hilo nalipongeza kwa dhati kwa sababu kila slaidi pale ni tishu ya mwanamke fulani aliyelala kitandani akisubiri majibu, mwalimu yeyote anatakiwa awakumbushe wanafunzi wake hivyo kabla hawajawasha taa ya hadubini.

Sehemu ya mwanzo ni ovari ya kawaida na vile vivimbe visivyo uvimbe wa kweli, na hapa wamefanya kazi ya maana ambayo mabox mengi yanairuka. Kuna ovari ya msichana iliyojaa vifuko vya mayai machanga, kuna ya mama aliyekoma hedhi yenye makovu meupe ya mayai ya zamani, kuna mwili wa njano wenye zile seli kubwa zenye mafuta, na mwanafunzi ambaye hajawahi kuuona anaweza kabisa kudhani ni uvimbe. Kuna sisti ya folikuli, kuna sisti ya mwili wa njano iliyovuja damu. Kuna ovari ya yule mwenye vifuko vingi, ile hali iliyoelezwa na Stein na Leventhal mwaka 1935, ganda la nje limekuwa nene na gumu na chini yake vifuko vidogo vimejipanga, na hii ni muhimu kwa sababu wagonjwa wetu wengi wanaambiwa "una vivimbe kwenye ovari" wanatoka kliniki wamejaa hofu ya kansa wakati vile ni vifuko vya mayai vilivyokwama tu njiani. Endometriosisi, yaani ukuta wa ndani wa mji wa mimba ulioota nje ya mahali pake, ipo kwenye slaidi mbili, moja imekamilika ina tezi, ina stroma (tishu inayozishikilia tezi) na ina zile seli zilizokula madini ya chuma ya damu ya zamani, na nyingine ina vitu viwili tu kati ya hivyo vitatu. Nimependa sana hiyo ya pili, kwa sababu kazini ndio inayokuja, ukuta wa sisti umeliwa na damu mpaka ngozi ya ndani haipo, na kanuni ni kwamba vikipatikana viwili kati ya vitatu inatosha kuandika jibu.

Sasa tuje kwenye ngozi ya juu, huku ndiko kansa nyingi za ovari zinakohesabiwa. Dunia nzima mwaka 2022 wanawake zaidi ya 300,000 waligundulika na kansa ya ovari na zaidi ya 200,000 walifariki, na kati ya kansa za kundi hili kama asilimia 70 ni aina ya serosi, ile inayofanana na ngozi ya ndani ya mrija wa uzazi, ya gredi ya juu. Boksi limeweka serosi zote nne zikiwa zimefuatana na hapo kusema kweli nimelikubali. Ya kwanza ni sisti ya kawaida, safu moja ya seli na ukikaza macho kwenye lensi ya 40 unaona vinyweleo vyake kabisa. Ya pili ni bodalaini, matawi makubwa yanazaa madogo na madogo yanazaa vishada vya seli vinavyoelea. Ya tatu gredi ya chini, ya nne gredi ya juu, na hizi mbili za mwisho ndizo nilizokuwa nazitafuta zikae pamoja, kwa sababu wanafunzi wengi wanaamini gredi ya chini ikiachwa inakuwa gredi ya juu, wakati ni magonjwa mawili yanayotembea njia mbili. Gredi ya chini viini vyake vinafanana, mitosisi (seli zinazogawanyika) hazizidi 12 kwenye nyanja 10 za lensi kubwa, vijiwe vya samoma vimetapakaa kila mahali, na jeni zinazoharibika mara nyingi ni KRAS na BRAF. Gredi ya juu viini vinapishana ukubwa mara tatu na zaidi, mitosisi nyingi na nyingine zimepinda vibaya, na hapo jeni ya TP53 ndio imeharibika karibu kwa kila mgonjwa. Ya gredi ya chini haijibu vizuri dawa za kemo kama hiyo nyingine, kwa hiyo ukimwandikia daktari wa kansa "serosi" halafu ukaishia hapo hujamsaidia, na mgonjwa pia hujamsaidia.

Halafu kuna slaidi moja katika hili kundi ambayo peke yake ingetosha kunifanya nitoe hela. Ni ya mrija wa uzazi, siyo ovari, ile ncha yake yenye vidole vidole, na kwenye kona ndogo kabisa kuna seli zimebadilika, viini vikubwa vyeusi, vinyweleo vimepotea, zimepandana bila mpangilio, lakini hazijavuka kwenda chini. Hapo ndipo kansa nyingi za serosi gredi ya juu tulizokuwa tunaziita za ovari zinapoanzia. Watafiti wa Uholanzi walianza kuliona hilo mwaka 2001 kwa wanawake wenye urithi wa kansa hii, na siku hizi mrija unakatwa wote hasa ile ncha na kuingizwa wote kwenye bloku za nta. Nimewahi kuona sehemu mrija unakatwa kipande kimoja cha katikati kinachoitwa kielelezo na uliobaki unarudi kwenye ndoo ya formalini, jamani hiyo tuiache, kidonda chenyewe kinaweza kuwa na upana wa milimita moja na kiko nchani.

Kundi la musinosi, hizi za ute, ndio roho ya ubishi wote wa ovari na ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi. Boksi lina ya kawaida, ina seli ndefu zenye ute juu na kiini kimekaa chini kabisa, kuna bodalaini, kuna kansa ya ovari yenyewe ya musinosi, na halafu kuna kansa ya utumbo mpana iliyohamia ovari. Hizo mbili za mwisho wameziweka ubavu kwa ubavu namba 21 na 22, na mwanafunzi ukimfunika lebo anahangaika kweli. Kansa halisi ya musinosi ya ovari ni chache, kama asilimia 3 au 4 tu ya kansa za kundi hili la ngozi, kwa hiyo ukiiona kitu cha kwanza kichwani kiwe swali: imetoka wapi? Ya utumbo mpana ina tezi kubwa zenye uchafu wa seli zilizokufa katikati, na viini ni vibaya kuliko umbo la tezi lenyewe linavyoonyesha, yaani kwa mbali tezi inaonekana imetulia ukisogea unakuta fujo. Ya ovari yenyewe mara nyingi kwenye uvimbe mmoja unakuta sehemu ya kawaida, sehemu bodalaini na sehemu kansa zikipokezana.

Lakini hapa sasa boksi linashindwa na nitalisema wazi: kijitabu hakijaandika ukubwa wa uvimbe wala kama ulikuwa upande mmoja au pande zote mbili. Lebo ina upande wa kipande kile tu. Kwenye musinosi ukubwa na upande ni nusu ya jibu! Uvimbe wa upande mmoja uliozidi sentimita 10 unaelekea kuwa wa ovari yenyewe, uvimbe wa pande zote mbili au mdogo chini ya hapo unaelekea kuwa mgeni, siyo sheria isiyovunjika lakini ni mwanzo mzuri sana ambao hauhitaji imyunohistokemia (vipimo vya kupaka kingamwili kwenye tishu) wala hela ya mgonjwa. Na uchukuaji wa vipande nao hawakuugusa: kanuni inayofuatwa ni angalau kipande kimoja kwa kila sentimita ya uvimbe, na kwa musinosi iliyozidi sentimita 10 wengi tunaenda vipande viwili kwa kila sentimita, kwa sababu kansa inaweza kujificha kwenye kona moja ya uvimbe wa kilo kadhaa. Mwanafunzi anayeangalia slaidi moja nzuri iliyochaguliwa na mtu mwingine hawezi kujua hayo, kwa hiyo mwalimu inabidi umwambie kwa mdomo. Ile slaidi ya ute uliojaa tumboni ipo, seli chache sana zinaelea kwenye bahari ya ute, na kijitabu kimesema sawasawa kwamba karibu mara zote chanzo ni kidole tumbo, kwa hiyo daktari wa upasuaji akikuta hali hiyo asifunge tumbo kabla hajakiangalia.

Endometrioidi, kansa inayofanana na tezi za mji wa mimba, na ile ya seli angavu ziko sawa, sina mengi. Endometrioidi ina vile viota vya seli bapa katikati ya tezi, seli angavu ina seli zilizochungulia kwenye tundu la tezi na stroma ya rangi ya waridi iliyokauka, na kijitabu kimeziunganisha zote mbili na endometriosisi, vizuri. Uvimbe wa Brenner nao upo, visiwa vya seli kama zile za kibofu cha mkojo ndani ya stroma ngumu.

Nikija kwa uvimbe unaotokana na mayai yenyewe, hapa boksi limeng'ara. Teratoma iliyokomaa ndio uvimbe wa kundi hili unaoonekana kuliko yote, na wameweka slaidi nne ili uone mambo tofauti: ngozi na nywele na tezi za mafuta, mfupa na gegedu, tishu ya ubongo, na ile ambayo karibu yote imekuwa tezi ya thairoidi. Wanafunzi wanaipenda hii kuliko zote na huwa nawaacha waishangae kidogo halafu nawaambia kitu kuhusu ile ya tishu ya ubongo. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza kwamba wapo wanawake, wengi wadogo, ambao mwili unatengeneza kinga dhidi ya tishu ya ubongo iliyomo kwenye teratoma na kinga hiyohiyo inaushambulia ubongo wao wenyewe, binti anaanza kuchanganyikiwa, anaona vitu, anapata degedege, anashindwa kuongea. Fikiria binti huyo kwenye mitaa yetu, atapelekwa kuombewa, atapelekwa kwa mganga, atasemwa ana majini, na muda wote kitu kiko kwenye ovari na kinatolewa kwa upasuaji pamoja na dawa za kutuliza kinga na wengi wanapona. Kila ninapofundisha slaidi hiyo nalisema hili, na kijitabu kingelisema ningefurahi zaidi.

Teratoma isiyokomaa wameiweka mara mbili, gredi 1 na gredi 3, na kinachohesabiwa ni ile tishu changa ya neva tu, mirija midogo ya seli nyeusi zilizobanana. Gredi 1 haizidi uwanja mmoja wa lensi ndogo kwenye slaidi moja, gredi 3 inazidi nyanja tatu. Hapa kuna mfanano wa hatari na boksi limeuonyesha vizuri, maana ubongo uliokomaa wenye seli nyingi unaweza kumtisha mtu akaandika isiyokomaa, ila ukiwa na slaidi zote tatu mezani tofauti inajionyesha yenyewe. Disjeminoma, kansa ya seli changa za mayai, ni safi sana, seli kubwa zenye mwili mweupe na kiini cha katikati, zimegawanywa na kuta nyembamba zilizojaa limfosaiti. Uvimbe wa kifuko cha kiini yai una zile bodi za Schiller na Duval, mshipa katikati na seli zimeuzunguka ndani ya kijitundu, lakini nimewatahadharisha wanafunzi kwamba uvimbe mwingi wa aina hii hauna bodi hizo kabisa, unakuta tu wavu wa seli na matone ya waridi, kwa hiyo uliza kipimo cha damu cha AFP cha mgonjwa ni ngapi kabla hujakata tamaa. Hawa ni mabinti wadogo na dawa za kansa za BEP zinawatibu wengi wao, ovari ya pili na kizazi vinabaki, anakuja kuzaa. Jibu sahihi hapa linaamua maisha yote ya mtu, ndio maana napiga kelele.

Ukoo wa tatu, uvimbe wa zile seli zinazolizunguka yai, granulosa na ndugu zake. Granulosa ya watu wazima ni slaidi bora katika boksi zima kwa maoni yangu, viini vimepasuliwa mstari katikati vinafanana kabisa na punje ya kahawa ya Bukoba iliyokobolewa, na zile bodi za Call na Exner zipo za kutosha, vijitundu vidogo vya maji ya waridi na seli zimevizunguka. Uvimbe huu unatoa estrojeni, kwa hiyo mama aliyekoma hedhi anaanza kutokwa damu tena na ukuta wa mji wa mimba unanenepa, na unaweza kurudi hata baada ya miaka 20, ndio maana faili la mgonjwa huyu halifungwi. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada waligundua kwamba karibu zote zina badiliko lilelile moja kwenye jeni ya FOXL2, ni uvimbe mchache sana duniani una alama inayoeleweka hivyo. Mimi nilichofanya ni kuitoa Brenner kule ilikowekwa nikaileta ubavuni mwa hii, kwa sababu Brenner nayo ina viini vyenye mstari na mtu akikariri mstari peke yake anaanguka. Granulosa ya watoto ipo na yenyewe viini vyake havina mstari, hiyo pia iwekeni karibu.

Fibroma na thekoma ziko sawa, ila zingekuwa na slaidi ya pili iliyopakwa retikulini (rangi inayoonyesha nyuzi nyembamba) zingefundisha mara mbili, kwenye thekoma nyuzi zinazunguka seli moja moja na kwenye granulosa zinazunguka kundi zima. Kuhusu fibroma kijitabu kimeeleza vizuri hali ya Meigs, uvimbe usio wa kansa lakini mama anajaa maji tumboni na kifuani, na kipimo cha damu cha CA-125 kinaweza kupanda, watu wanaanza kuaga, halafu uvimbe ukitolewa maji yanakauka. Sertoli na Leydig, uvimbe wa seli zinazofanana na za korodani, ipo moja, yenye seli za Leydig zinazoonekana vizuri, inatosha. Kansa ya seli ndogo inayopandisha kalsiamu haipo, na ingekuwepo, kwa sababu ndiyo inayowapata mabinti na ndiyo inayoweza kudhaniwa granulosa ya watoto, wakati yenyewe ni kali mno.

Sasa slaidi iliyoniudhi: Krukenberg. Friedrich Krukenberg aliuelezea uvimbe huu mwaka 1896 akiamini ni wa ovari yenyewe, baadaye ikaeleweka kwamba mara nyingi ni kansa iliyotoka kwenye mfuko wa chakula. Kinachotakiwa kuonekana ni seli zilizojaa ute mpaka kiini kimesukumwa pembeni kama pete. Kwenye boksi letu seli hizo ni chache mno, zimezama kwenye stroma iliyobanana, na eosini imepauka hapohapo, kiasi kwamba rezidenti mmoja aliandika fibroma na siwezi kumlaumu. Kumbe mfanano wa Krukenberg na fibroma ndio mfanano mkubwa kuliko yote ambao boksi lilitakiwa liufundishe! Ingetosha kuongeza slaidi moja ya PAS au musikamini (rangi zinazoshika ute) ute ukawaka wenyewe. Hili ni kosa la kuchagua bloku na mtengenezaji anaweza kulirekebisha kesho akitaka. Metastasisi (kansa iliyohama) ya titi ipo moja, ya limfoma, kansa ya seli za kinga, hakuna.

Na hilo la limfoma linanipeleka kwenye upungufu mkubwa zaidi kwa sisi wa huku. Denis Burkitt aliielezea limfoma inayobeba jina lake mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, watu wanaikumbuka kwa taya za watoto zilizovimba lakini kwa mabinti inapenda sana kuingia ovari zote mbili, na binti anaweza kuletwa na tumbo tu bila taya. Chini ya lensi ni seli za ukubwa wa kati zilizobanana, zote zinafanana, mitosisi kila mahali, na katikati kuna makrofaji (seli zinazokula uchafu) nyeupe zilizotawanyika. Inafanana na disjeminoma kwa mtu mwenye haraka, umri unakaribiana, na matibabu ni tofauti kabisa, tena Burkitt siku zinahesabika ukichelewa. Boksi la ovari linalouzwa Afrika Mashariki lisilo na slaidi hii limetengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Vilevile kichocho. Ukanda wa pwani, Unguja na Pemba, kanda ya ziwa, kuna kichocho cha mkojo, na mayai yake yenye mwiba mkiani yanafika kwenye shingo ya kizazi, mirija na hata ovari, yanaacha granuloma (vinundu vya seli za kinga) na makovu, ultrasaundi inaonyesha uvimbe na mama anaandaliwa kwa upasuaji wa kansa. Kifua kikuu nacho hakuna. Sisi tumeziba pengo kwa bloku za zamani za kwetu, kwa kibali cha kamati ya maadili na majina yameondolewa, tukakata slaidi za Burkitt na kichocho tukaziweka kwenye nafasi tupu za boksi. Kila idara yenye makabati ya bloku inaweza kufanya hivyo.

Kijitabu kwa ujumla ni cha zamani kidogo. Bado kinaitaja kansa ya seromusinosi kama aina inayojitegemea wakati WHO mwaka 2020 waliiondoa wakaiweka chini ya endometrioidi. Picha zake ni ndogo na nyeusi, afadhali usizitegemee. Imyunohistokemia imeguswa kwa mstari mmoja mmoja, naelewa, siyo kila maabara ina uwezo huo, lakini mtu angeambiwa angalau zile saba zinazobeba mzigo, p53 na WT1 kwa serosi, inhibini kwa granulosa, SALL4 kwa za mayai, CK7, CK20 na SATB2 kwa ubishi wa utumbo.

Duka lenyewe, huduma ni ya wastani. Slaidi moja ilifika imepasuka, nikapeleka, yule kaka wa kaunta akaniambia kwa upole "dokta, hii tutaibadilisha, tupe muda kidogo," muda ukawa mrefu lakini ilibadilishwa bila kulipishwa. Fungueni boksi hapohapo kaunta mhesabu na mwinue kila kioo kwenye mwanga kabla ya kulipa. Na mjue kwamba slaidi hizi zinakatwa kutoka bloku ileile kwa mamia, kwa hiyo boksi lako linaweza kuwa na kipande kizuri au kibaya kuliko changu, hasa ile ya mrija wa uzazi ambayo kidonda ni kidogo, wakikata ndani zaidi kinaisha. Ombeni waiweke kwenye hadubini muione, wana moja pale.

Kwa mwanafunzi wa MD bei hii ni kubwa, msitoe hela ya boom (mkopo wa kujikimu) kila mtu peke yake, changeni watano au sita, laki nne inagawanyika vizuri na slaidi haziishi kwa kuangaliwa. Rezidenti, nunua bila kufikiria mara mbili ila tafuta Krukenberg nzuri kwingine. Idara inayofundisha ichukue mawili, moja libaki limefungwa. Na msifuate mpangilio wa namba zao, panga kwa mifanano: 21 na 22 pamoja, granulosa na Brenner, disjeminoma na Burkitt yenu, serosi gredi ya chini na ya juu, funika lebo kwa karatasi ya gundi, mpe mwanafunzi umri wa mgonjwa na ukubwa wa uvimbe kwanza, halafu ndio awashe taa. Zihifadhiwe zikiwa zimelala, mbali na dirisha, jua la huku linakula eosini haraka sana.